Ukichonga vipuri vya mashine za kufuma, anza kwa kuhesabu mipigo

"Fundi, nichongee kama hiki, ila ongeza unene kidogo kisivunjike tena."

Kama una karakana Arusha au Moshi na umewahi kupokea kazi ya kiwanda cha nguo, maneno hayo umeyasikia. Mimi huyasikia karibu kila kipuri cha mashine ya kufuma kinapotua mezani, na jibu langu huwa ni lile lile: subiri kwanza, tuongee. Kuongeza unene kunasaidia kwenye geti, kwenye tela la trekta, hata kwenye mashine ya kukoboa mahindi. Kwenye mashine inayofuma mipigo 600 kwa dakika, unene huo huo mara nyingi ndio unaovunja kipuri cha pili, na safari hii kinavunjika pamoja na beringi zake.

Chukua kalamu. Pigo moja ni mshindio mmoja, yaani uzi wa kukingama, kupita katikati ya nyuzi za mtande, zile za urefu, kisha ridi, lile chanuo la chuma, linausukuma ukae mahali pake. Kwa mipigo 600, kila pigo lina sehemu ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo fremu zinazobeba nyuzi za mtande zimepanda na kushuka, uzi umevuka upana wote wa kitambaa, ridi limekwenda mbele, limepiga, limerudi. Mashine ikifanya kazi saa 24 bila kusimama, hiyo ni mipigo 864,000 kwa siku. Kabla wiki mbili hazijaisha umevuka milioni 10.

Hiyo milioni 10 ni namba ya kushika kichwani. Chuma cha pua cha kawaida (steel, si ile isiyoshika kutu) kikibebeshwa mzigo wa kwenda na kurudi, kama kitapasuka kwa uchovu, mara nyingi kitapasuka kabla ya kufika hapo. Kikivuka kikiwa kizima, na mzigo ukabaki ule ule, na kutu au mkwaruzo visiingie, kina nafasi nzuri ya kuishi muda mrefu. Kwa hiyo kasoro ya usanifu kwenye mashine hizi haijifichi miaka. Itakuja kukugongea mlango mwezi huo huo, na mteja bado anakumbuka bei uliyomtoza. Alumini haina kikomo cha namna hiyo. Hiyo huendelea kuchoka hata kwa mzigo mdogo, kwa hiyo ukitengeneza kipuri cha alumini, panga mapema kitabadilishwa baada ya mipigo mingapi, na uandike.

Sasa uzito. Kitu kinachokwenda na kurudi kinadai nguvu inayokua kwa mraba wa mwendo. Ukipandisha mashine kutoka mipigo 300 hadi 600, nguvu ya kukisimamisha na kukigeuza kipuri kile kile haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Tuseme kipuri kinayumba milimita 35 kila upande wa katikati. Kwa mipigo 600, pale kinapogeuka, kila kilo moja inavuta kama kilo 14. Ongeza nusu kilo ya "unene kidogo" na umezitwika pini na beringi kilo saba zaidi, mara 10 kila sekunde, mchana na usiku. Ndiyo maana mkono mnene unapona wiki hii, na wiki ijayo inakatika pini.

Waliotengeneza mashine hizi wamekuwa wakikimbia uzito kwa muda mrefu. John Kay alipoleta shato la kurushwa mwaka 1733, mfumaji mmoja akaweza kufuma kitambaa kipana peke yake, lakini kilichorushwa bado kilikuwa kipande cha mbao kilichobeba uzi tumboni. Mashato ya mashine za umeme yalifika karibu nusu kilo. Sulzer wa Uswisi walipoanza kuuza mashine zao miaka ya 1950, walirusha kipande cha chuma cha gramu 40 hivi kinachouvuta uzi nyuma yake. Leo mashine za hewa hazirushi chuma chochote, zinapuliza tu, na zinapita mipigo 1,000 kwa dakika. Fremu zikahama kutoka chuma kwenda alumini, na sehemu nyingine zikawa za nyuzi za kaboni. Halafu wewe na mimi tunapokea mkono uliopunguzwa gramu kwa gramu na wahandisi wa watu, tunaurudisha kiwandani na nyama ya ziada. Sisemi wao ni malaika. Nasema uliza kwanza kwa nini waliuchonga vile.

Kabla ya kuuliza, soma mvunjiko. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu mteja anakuja na nusu moja, imefutwa na mafuta ya taa, mara nyingine imeshapigwa jiwe "ili isikukate mkono". Mwambie alete vipande vyote, vichafu hivyo hivyo. Pasafishe taratibu kwa brashi laini, washa taa ya simu kwa pembeni, utazame. Uchovu unaacha sehemu laini yenye mistari iliyopinda, mithili ya pete za mti uliokatwa, yote ikizunguka mahali pamoja. Hapo pamoja ndipo ufa ulipozaliwa. Upande wa pili utaona chuma chenye chembechembe, ndipo kilipokatika kwa mara ya mwisho. Kama sehemu laini ni kubwa na ile ya chembechembe ni ndogo, mzigo haukuwa mkubwa. Kipuri kilikuwa na nguvu ya kutosha, kasoro iko pale mistari ilipoanzia. Kama karibu pote ni chembechembe, kuna kitu kilikwama ndani ya mashine, na hapo hata kipuri cha almasi kingevunjika. Rudi kiwandani ukatafute kilichokwama.

Mara nyingi sana mistari inaanzia kwenye kona. Kona kali ya ndani, pale shafti inapobadilika kutoka kipenyo kikubwa kwenda kidogo, inaweza kuzidisha mkazo mara mbili, mara tatu. Vivyo hivyo mwisho wa njia ya ufunguo, ule mfereji unaoshika kipande cha kufungia gia kwenye shafti, tundu la grisi lililotobolewa bila kupigwa msasa mdomoni, alama ya kisu cha mashine ya kukereza kilichoisha makali, hata namba ya kipuri iliyogongwa kwa patasi mahali pabaya. Viringisha kona. Nikipata nafasi ya nusu kipenyo cha milimita 3 au 4 naichukua yote, halafu napiga msasa kufuata urefu wa kipuri, si kuuzunguka, kwa sababu mikwaruzo inayokata njia ya mkazo ni mwanzo wa nyufa. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina gharama. Ningelazimishwa kuchagua kati ya chuma ghali chenye kona kali na chuma cha bei ya kawaida chenye kona nzuri, ningechukua cha pili bila kufikiri.

Kuna mkono wa kuinulia fremu ulioletwa na msimamizi wa matengenezo, mzee mmoja mtulivu kutoka upande wa Moshi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauweka mezani bila neno lingine. Ulikuwa umechomelewa juu ya pale ulipochomelewa, na pembeni wameongeza bamba kila upande. Ufa ulikuwa umezaliwa upya kando tu ya mshono wa welding, mahali pake pa kawaida: joto la welding kwenye chuma chenye kaboni ya kutosha, kisipopashwa moto kwanza na kupozwa taratibu, linaacha ukanda mgumu unaopasuka kirahisi. Nilimchongea mkono mpya kutoka kipande kimoja. Katikati nikaupunguza ubapa nikaacha nyama kwenye kingo za juu na chini, kwa sababu mkono unaopindwa unabebwa na kingo zake, katikati kunabeba kidogo sana. Kona zote nikaziviringisha. Akaugeuza mkononi akasema, "Kijana wangu, huu si wa kuchezea watoto?" Ule wa mabamba ulizidi kilo mbili, wangu haukufika moja na nusu. Alikuja tena baadaye kuagiza wa mashine ya pili.

Kuhusu chuma chenyewe, nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Shafti ya lori iliyotoka skrepa ni malighafi nzuri kwa kazi nyingi, na Arusha tumejenga nusu ya karakana zetu kwa hizo. Kwa kipuri cha mashine ya kufuma inayokimbia, iache. Hujui imebeba tani ngapi kwenye mlima gani, na nyufa za uchovu zinaweza kuwa zimo tayari bila kuonekana kwa macho. Tena ngozi yake mara nyingi imekomazwa na moyo wake haujakomazwa, kwa hiyo ukikereza kufika kipenyo unachotaka unakuwa umeitupa sehemu bora. Nunua EN8 mpya, chuma cha kaboni ya wastani, kwa kazi za kawaida, EN24, chuma cha mchanganyiko chenye nguvu zaidi, kwa shafti na pini zinazoteswa, na udai karatasi ya muuzaji inayothibitisha aina ya chuma.

Kwenye nyuso zinazosuguana, kama kamu, lile gurudumu lisilo duara kamili linalosukuma sehemu nyingine, na roli zake, ugumu ndio unaotafutwa, lakini ngozini tu: karibu milimita moja iliyokomazwa hadi 58 au 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, na moyo uliobaki na uwezo wa kustahimili mshtuko. Ukikikomaza kipuri kizima hadi ndani kitalia kama kengele na kupasuka kama kengele. Bushi za nailoni ni nyepesi na kimya, nazipenda, ila nailoni inakunywa unyevu na kuvimba, na ukumbi wa kufumia hutunzwa kwenye unyevu mwingi makusudi ili nyuzi zisikatike. Bushi uliyoichonga ikakaa vizuri karakanani wakati wa ukame wa Januari itabana shafti ndani ya ukumbi huo. Acha nafasi zaidi ya ile ungeiacha kwenye shaba.

Uzi wenyewe unakata chuma, na wageni wa kazi hii huwa hawaamini. Polyester inayopita sehemu moja kwa kasi, ikiwa imebeba vumbi, inachimba mfereji kwenye chuma kigumu, na mfereji huo unaanza kukata uzi. Arusha vumbi letu si la mchezo, hasa Agosti na Septemba. Mahali uzi unapogusa, usijisumbue na chuma. Agiza vielekezi vya kauri. Kuvikagua vilivyopo, pitisha soksi nyembamba ya kike juu yake. Ikinasa, uzi pia unanasa.

Bolti nitazipitia haraka. Inayolegea ndiyo inayokatika, kwa sababu ikishapoteza mkazo wake inaanza kubeba kila pigo peke yake. Tumia spana ya kipimo, ile inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Washa ya springi haizuii kulegea kwenye mtetemo wa kwenda na kurudi, hata kama tulifundishwa hivyo. Nati yenye nailoni au gundi ya nyuzi za bolti ni bora, na pini mbili za kulenga zilizokaa sawasawa kwenye matundu yake ni bora kuliko vyote, kwa kuwa zinazuia vipande visiteleze.

Kuna pini moja lakini ambayo hutakiwi kuiimarisha kamwe, ile iliyowekwa ikatike mashine inapokwama. Nimeikuta imebadilishwa kwa bolti ya 12.9, daraja la bolti ngumu sana, fundi wa zamu akijisifu kwamba haijakatika tena. Kilichokatika badala yake ni gia. Ukiletewa pini ya namna hiyo, ichonge kwa chuma laini kile kile, kwa kipimo kile kile cha mfereji wake, na uwape kumi kwa mkupuo waziweke kwenye droo.

Kwa kazi inayozidi vifaa vyako usione aibu kuuliza. TEMDO, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo, iko hapa hapa Arusha, na Chuo cha Ufundi kipo. Walio upande wa Moshi wanacho kiwanda cha vipuri na mashine cha Kilimanjaro Machine Tools, Hai.

Imebaki bei. Mteja atakulinganisha na jirani yako anayechomelea kwa elfu chache, na ukibishana naye kwa bei ya kipande utashindwa. Mwombe akuonyeshe kihesabio cha mipigo kwenye mashine siku mnapofunga kipuri, andikeni namba kwenye daftari la karakana yake na lako, na kwenye kipuri chenyewe kwa wino, si kwa patasi. Kikitoka, mnasoma tena. Bei ya kila kipuri igawanywe kwa mipigo milioni kiliyofanya, na muda ambao mashine ilisimama uongezwe juu. Msimamizi akienda kwa bosi wake na karatasi hiyo, anayechomelea kwa elfu chache ndiye atakayeonekana ghali.