IST Imepigwa Ubavuni: Nitengeneze Mwenyewe au Nimpe Fundi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya rangi ya fedha. Bodaboda kanipitia ubavuni kwenye foleni. Bampa la mbele limebonyea kwenye kona, fenda ya kushoto imeingia ndani na rangi imebanduka mpaka chuma kinaonekana, na mlango wa mbele una mchirizi mrefu ila haujabonyea. Fundi wa mtaani anataka laki mbili na nusu kwa kazi yote, gereji kubwa wametaja laki nane. Kaka yangu anasema tununue puti (ile lipu ya kusawazishia bodi), msasa na rangi ya kopo, tumalize wenyewe nyumbani Jumamosi. Nifuate lipi? (Msomaji, Kigamboni)

Jibu: Salama dada, pole sana. Kama una bima kubwa, au unataka kudai kupitia bima ya mwenye bodaboda, usiguse kitu mpaka trafiki wamekupa ripoti na mkaguzi wa bima ameliona gari. Piga picha za kutosha. Kama hilo limeshapita, tuendelee.

Cha haraka ni kile chuma kilicho wazi. Kigamboni upepo wa bahari una chumvi, na chuma kitupu huanza kuwa chekundu ndani ya siku chache tu. Leo hii paoshe kwa maji na sabuni, pakauke kabisa, papitie kwa msasa namba 320, kisha upulize praima ya kopo, yaani rangi ya msingi. Haitapendeza, lakini fundi ataikwangua baadaye. Kazi yake ni kukupa wiki mbili tatu za kujipanga. Usipake grisi wala polishi yenye silikoni hapo. Mabaki yake hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vitundu, na fundi atahangaika bila kujua kisa.

Sasa swali lenyewe. Wengi hutazama ukubwa wa jeraha, mimi natazama limefika tabaka gani. Juu ya chuma kuna praima, juu yake rangi, na juu kabisa kliya, ile inayong'aa. Zote pamoja, kama zilivyotoka kiwandani, hazifiki robo ya milimita. Mkwaruzo wa mita nzima ulioishia kwenye kliya ni kazi ya mwenye gari. Bonyeo dogo kama kiganja lililofika kwenye chuma ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo anza na mlango. Osha, kausha, pitisha ukucha kukata mchirizi. Ukucha usipokwama, jeraha liko juu juu: lowesha msasa namba 2000, sugua taratibu, fuatisha namba 3000, malizia na kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) na kitambaa laini. Simama mara kwa mara uangalie, maana kliya ikiisha hairudi. Mara nyingi utakuta kinachoonekana kama mchirizi ni plastiki ya pikipiki iliyobaki juu ya rangi yako, na inatoka kwa kompaundi peke yake. Ukucha ukikwama, uache mlango ulivyo. Sababu nitaitaja nikifika kwenye fenda.

Bampa ni plastiki, usilipige nyundo. Mwagia kona maji yaliyochemka, mtu mwingine asukume kwa nyuma akiwa amevaa glavu nene, likirudi mwagia maji ya baridi. Kwa bonyeo lisilo na ufa hii hufanya kazi vizuri. Likiwa na ufa au klipu zimekatika, tafuta bampa la mtumba.

Fenda ndiyo inayotenganisha kazi ya Jumamosi na kazi ya fundi. Kaka yako anafikiri puti ndiyo inayonyoosha. Hapana. Chuma hunyooshwa kwa nyundo kikiwa kimeshikiliwa nyuma, mpaka kimekaribia kabisa umbo lake. Puti ni ya kusawazisha tu, na ikishapigwa msasa isizidi milimita tatu hivi. Fenda iliyoingia ndani ukaijaza puti juu ya shimo itapasuka kwa mitikisiko ya barabara zetu. Halafu kuna hadina, dawa ya kugandisha puti: inawekwa kiasi cha asilimia mbili ya puti, na kwa joto la Dar una dakika chache tu kabla mchanganyiko haujaganda mkononi. Anayejifunza huongeza hadina ili iwahi kukauka, au hupunguza ili apate muda, na zote mbili zinaharibu kazi. Puti pia hunyonya maji, kwa hiyo husuguliwa kavu.

Tuseme mmeweza yote hayo. Bado rangi. Rangi ya fedha ina chembe za metali ndani yake, na chembe hizo hulala tofauti kulingana na umbali wa spreya, presha na wingi wa rangi. Kopo moja, mikono miwili, rangi mbili. Namba ya rangi utaikuta kwenye kibati cha gari, mbele ya herufi C/TR, lakini hiyo ni rangi iliyotoka kiwandani, na gari lako limeshapigwa jua miaka mingi. Fundi mzuri hufungua kifuniko cha tenki la mafuta, anaking'arisha, anakipeleka dukani wachanganye rangi ya kufanana nacho. Kisha anapiga fenda na kuififisha rangi kuelekea mlangoni, na mlango wote anaupiga kliya. Ndiyo maana nilisema mlango uuache: ataufikia tu. Kliya ya kuchanganya na hadina ina kemikali za kuharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Usikubali ipulizwe uani nyumbani.

Kuna njia ya tatu, na mimi ningeianza hiyo. Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti, haijachomelewa kama ubavu wa nyuma. Zungukia spea za mtumba Ilala na Kariakoo utafute fenda ya IST yenye rangi na namba hiyo hiyo. Angalia namba ya chesesi yako kwanza, herufi za mwanzo: NCP60, 61 na 65 ni toleo la zamani, NCP110 ni jipya, na haziingiliani. Ukiipata, hapo ndipo kaka na spana namba 10 wanapohitajika. Bampa litafunguliwa kwanza. Isipofanana rangi kwa asilimia mia, angalau chuma chake hakijabanduka rangi.

Ila kabla ya yote, tazama nafasi kati ya fenda na mlango, na kati ya fenda na boneti. Ikiwa pana juu na nyembamba chini, au mlango unakwaruza ukifunguka, au taa ya eabegi inawaka, kilichopinda kiko ndani zaidi. Hapo nenda gereji yenye vifaa vya kuvuta bodi, bila kubishana na bei.

Kuhusu laki mbili na nusu dhidi ya laki nane: mafundi wetu wengi wa mtaani wana mkono mzuri wa nyundo, pengine kuliko gereji kubwa zinazopenda kubadilisha tu. Wanapoangukia ni vumbi na kliya ya bei rahisi. Muulize kila mmoja: utafungua bampa na taa au utaziba kwa magazeti? Kliya ni ya hadina? Utapulizia wapi? Na mwambie utatoa mlango na bampa kwenye hesabu kama umevimaliza mwenyewe, bei itashuka.

Siku ya kuchukua gari nenda asubuhi, jua likiwa la pembeni, uchuchumae utazame ubavu kwa urefu. Funga sumaku kwa kitambaa uipitishe: ikishika mlango ikateleza kwenye fenda, puti ni nene. Theluthi ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka hapo.