Usipake vanishi kabla karatasi haijakauka hadi ndani

Mama Wawili, weka hilo kopo la vanishi chini kwanza.

Umesema likizo hii ya Aprili wewe na watoto mnatengeneza mti wa ukoo wa kutundika ukutani: shina la magazeti na gundi ya unga, fremu ndogo za picha za wazee kwenye matawi, halafu mumpelekee nyanya yao ushago. Ukauliza rangi gani inafaa na vitambaa vya maua mtapata wapi. Vitambaa nenda soko la Gikomba. Kilichonishtua ni ile ratiba: safu nane za magazeti Jumamosi jioni, rangi na vanishi Jumapili, safari Jumatatu. Ratiba hiyo hiyo ndiyo iliyotuharibia picha ya babu.

Sisi tulifundishwa na mtu wa kwenye video, anayesema kitu kinakauka "usiku mmoja tu". Hakusema anaishi wapi wala anakaushia nini. Nairobi mwezi wa nne ni masika! Nguo zenyewe ukianika ndani zinaanza kunuka kabla hazijakauka, sembuse karatasi nene iliyolowa uji wa ngano? Mtu anafundisha wazazi wenzake, kisha anaruka jambo ambalo kazi yote inalitegemea. Inanikera mpaka leo.

Fremu yetu ilikuwa ngumu kwa nje, ukiigonga inalia. Safu za katikati zilikuwa bado mbichi. Vanishi ikaziba kila mahali, maji yakakosa pa kutokea, na unga ni chakula cha kuvu. Yakaja madoa ya kijivu pembeni, ikaja harufu, wakaja mende. Hayo yote tungeyatupa yakaisha. Lakini picha yenyewe ya babu, ile ya studio, nyeusi na nyeupe, yenye kingo za mawimbi, ilikuwa imebandikwa humo. Uso wa picha za zamani una jelatini, ule utando mwembamba unaobeba picha, nayo ikipata unyevu hulainika na kunata. Tulipoibandua, shavu na sikio la babu vilibaki kwenye gazeti. Studio iliyoipiga ilishafungwa zamani, na hakuna nakala nyingine popote katika familia.

Kwa hiyo nakuomba ushike hili moja: safu mbili, kausha kabisa, ndipo uongeze mbili nyingine. Usipime kwa kidole, kidole kinadanganywa na ule ugumu wa juu. Gusisha kazi yenyewe shavuni. Ukisikia ubaridi, maji bado yanatoka ndani, usiguse rangi. Ukiwa na mizani ya jikoni ni bora zaidi: pima asubuhi, pima jioni, na uzito ukiacha kushuka ndipo kimekauka. Kianike juu ya waya ili upepo upite na chini, maana kikilala mezani upande mmoja unabaki mbichi. Gundi iwe nyepesi, na kila kipande cha gazeti ukipitishe kati ya vidole viwili kukamua inayozidi. Kijiko cha chumvi kwenye gundi husaidia kuzuia kuvu, ila hakitaokoa kitu ulichokifunika kikiwa kibichi.

Na picha za wazee zirudishe kwenye bahasha leo. Peleka saiba, kule wanakochapisha kwa kompyuta, wakutolee nakala kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa inkjeti, zile printa za wino wa maji, hutawanyika ukikutana na gundi. Bandika nakala hizo.

Kama nyanya lazima apate kitu Jumatatu, chukua trei safi za mayai, zile za karatasi. Watoto wakate majani, waandike majina ya jamaa, mtunge kwenye kamba ya katani. Kazi hiyo haihitaji gundi ya unga hata tone. Shina na fremu mfanye likizo ya Agosti, masika yakiwa yamekwisha.