Waksi Inauma, Lakini Si Hilo la Kuuliza

Juzi saa tano usiku mtoto wa mama mdogo kanitumia ujumbe: "Dada, eti waksi inauma?" Nikajua tu, sendofu ya rafiki yake ni Jumamosi na gauni halina mikono. Nikamjibu waksi, ile nta ya kunatisha na kung'oa nywele, inauma, tena sana, ila maumivu yanaisha kabla hujalipa. Uliza kwanza ngozi yako ikoje, nywele zako zimejikunja kiasi gani, na unataka kutoa za wapi. Kwapa si mguu, na mguu si kinena. Mimi kulijua hilo kumenichukua karibu miaka kumi na makovu mawili matatu.

Nilianza kama wengi tulivyoanza: wembe wa dukani kwa Mangi, bafu la uani, Tandika, niko kidato cha pili. Hakuna sabuni wala maji ya vuguvugu, nakwangua tu huku mtu anagonga mlango. Siku ya tatu kwapa limejaa vipele vyenye vichwa vyeupe. Nikadhani ni uchafu, nikasugua ndimu. Jamani! Nilikimbia uani mikono juu kama nimewekwa chini ya ulinzi. Shoga yangu akaniambia dawa ni shabu, nikapaka na shabu juu ya michubuko ileile. Hiyo ndimu nawaomba muiache ibaki kwenye pilipili. Ngozi iliyonyolewa ina michubuko midogo usiyoiona, na maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuunguza kabisa na kuacha weusi wa miezi.

Vile vipele sikuja kuvielewa mpaka kinyozi mmoja wa mtaani aliponieleza, akiwa anamnyoa kaka yangu ndevu. Nywele zetu nyingi hazitoki zikiwa zimenyooka, zinatoka zimejipinda. Ukiikata nywele chini kabisa, ncha yake inabaki kali kama mwiba. Ikianza kurefuka inajikunja, inarudi kuichoma ngozi, au inaotea ndani kwa ndani. Mwili nao unaipokea kama mwiba wowote: unavimba na kutunga usaha. Ndiyo maana wanaume wengi kwetu wana kidevu na shingo zenye vipele, na ndiyo maana zile nyembe za kisasa zenye visu vinne vitano zinatuumiza sisi kuliko wenye nywele za singa. Kisu cha kwanza kinaivuta nywele, kinachofuata kinaikata, kisha inarudi chini ya ngozi. Unajishika unajiona laini kama mtoto mchanga. Subiri siku tatu.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa nasaka ulaini ambao nywele zangu hazikubaliani nao. Kadiri nilivyokata karibu na ngozi ndivyo nilivyolipa.

Halafu kuna ile hadithi ya kwamba wembe unafanya nywele ziwe nene. Si kweli. Mzizi uko chini, haujui kilichotokea huku juu. Nywele ambayo haijakatwa ncha yake ni nyembamba, ukiikata inabaki butu, ikiota unaishika kama mabua, unaona imenenepa. Basi.

Kama bado wembe ndio uwezo wako, tumia, ila loweka kwanza kwa maji ya vuguvugu, paka povu, nyoa kufuata nywele zilikolalia, usipite mara tatu palepale. Na wembe uwe wako peke yako. Usiazime wa dada wala wa mume. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na damu kidogo ya kwenye wembe huwezi kuiona.

Waksi sasa. Yangu ya kwanza ilikuwa saluni moja Sinza, siku mbili kabla ya sendofu ya binamu. Kipindi hicho nilikuwa napaka krimu ya kung'arisha uso, tuseme tu ukweli, mkorogo. Binti wa saluni hakuniuliza ninapaka nini usoni, na mimi sikujua kama inahusu. Alipovuta kile kitambaa juu ya mdomo, nikasikia ubaridi wa ajabu. Nikaomba kioo. Ngozi ilikuwa imetoka pamoja na nywele, alama nyekundu yenye umbo la ndizi changa. Picha zote za ile sendofu mimi nimeziba mdomo na kipochi.

Mikorogo mingi ina steroidi, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyepesi kama karatasi ya sigara. Mingine ina haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini tunajua bado zinapatikana. Hata krimu na vidonge vya chunusi vya hospitali vya jamii ya vitamini A vinailegeza ngozi. Ukiwa unatumia chochote cha hivyo, waksi usiiguse, na kama ni dawa ya daktari muulize yeye uache kwa muda gani.

Kwenye miguu, hata hivyo, waksi siisemi vibaya. Unakaa wiki tatu mpaka sita, na nywele za mguuni kwangu hazina ukorofi. Sharti ziwe zimefika kama nusu sentimita, zikiwa fupi zinakatikia katikati na unarudi kwenye vipele. Ya sukari naipenda zaidi: sukari, ndimu na maji, unapika taratibu mpaka rangi ya asali, na hata ikimwagika unasafisha kwa maji matupu. Mara ya kwanza tuliipitiliza jikoni, ikawa peremende, wadogo zetu wakaila. Acha ipoe vizuri, jaribu ndani ya kifundo cha mkono kwanza, maana sukari ya moto ikishika ngozi haibanduki. Malaika wa mikononi mimi siwagusi kabisa. Wamenikosea nini?

Krimu za kuondolea nywele ni habari fupi. Kemikali yake inayeyusha nywele, na ngozi imeumbwa kwa kitu kilekile kinachounda nywele, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi si mapendekezo. Weka saa. Jaribu sehemu ndogo siku moja kabla. Kinenani ishia nje, palipo laini usipeleke. Harufu yake ya mayai viza utaizoea, au hutaizoea.

Bibi yangu wa Kisarawe alikuwa anatucheka na vikopo vyetu. Yeye ni majivu tu: anachota ya jikoni yaliyopoa, anapaka vidole ili visiteleze, ananyonyoa kidogo kidogo huku anapiga soga. Kwapa, kwa Waislamu, sunna yake ni kunyonyoa, na kinena ni kunyoa, isipite siku arobaini. Bibi alilishika hilo mpaka uzeeni na kwapa lake halikuwahi kuwa na kipele. Ila alianza akiwa binti, na ana subira ambayo mimi sijajaliwa.

Nidokeze na la wajawazito, kwa sababu kila mwezi naulizwa. Shoga yangu alijinyoa kinena na uchungu umeshaanza, tumbo limeziba, haoni, akajikata, eti manesi wasije wakamsema. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunyoa kama desturi kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na michubuko ya wembe ni mlango wa vijidudu. Nenda na nywele zako.

Na wewe unayeota ndevu nzito kidevuni huku hedhi inakuja inavyotaka, acha kwanza kuhangaika na uzi na kibanio. Muone daktari akupime homoni. Bila hivyo utanyonyoa mpaka uchoke.

Leza ndiyo inayoulizwa sana siku hizi, hasa tangu kliniki zake zianze kuonekana huku Masaki na Oysterbay. Mwanga wake unafuata weusi wa nywele mpaka kwenye mzizi. Tatizo ni kwamba na ngozi yetu ina weusi, mashine isiyofaa inaweza kuchoma vyote viwili. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza ni mashine ya aina gani. Iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi inaitwa Nd:YAG, urefu wa wimbi nanomita 1064. Wakikujibu "ya kisasa tu, dada", beba mkoba wako. Vile vimashine vya mwanga vya kutumia nyumbani vingi havifai ngozi nyeusi sana, soma chati ya rangi kwenye boksi. Wala si kazi ya siku moja. Nywele hazioti zote kwa pamoja, na leza inaziwahi zile zinazokua tu, hivyo utarudi mara sita au nane, wiki kadhaa katikati. Usizing'oe kabla ya kwenda, maana mzizi ndio unaotafutwa. Mvi haziguswi. Mimi bado nachanga, na nikienda nitaanza na kwapa.

Kwa sasa kwapa na kinena natumia kimashine kidogo cha kuchaji, kama cha kinyozi, nimekinunua Kariakoo. Kinaacha nywele kama milimita moja, ngozi hakiigusi. Si laini, ukipitisha kidole unazisikia. Lakini tangu nikianze sijaota kipele, na ule weusi wa kwapa umepungua wenyewe, bila ndimu.

Kasoro yake niliijua Jumatatu iliyopita. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, sikukichaji, nimemaliza kwapa la kulia, kikakoroma na kuzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, blauzi haina mikono, nyingine zote chafu. Nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni nimeshika bomba la juu kwa mkono wa kulia tu. Kila basi likifunga breki, kaka wa pembeni ananiambia, "Dada, shika na mkono wa pili."