Kuku Anayelalia Kiota Kitupu, na Maswali Mengine ya Wafugaji

SWALI: Mtetea wangu wa kienyeji hatoki kiotani, wiki nzima sasa. Nimemwondolea mayai yote lakini analalia majani matupu. Nikimsogelea anajivimbisha na kunidonoa. Jirani ananishauri nimtumbukize kwenye maji baridi au nimpitishe unyoya puani. Je, anaumwa? (Msomaji, Singida)

JIBU: Haumwi, anaatamia. Kuku wa kienyeji akishataga mayai yake, mara nyingi kati ya 10 na 15, homoni iitwayo prolaktini hupanda mwilini. Anaacha kutaga, manyoya ya kifua yanapukutika ili ngozi iguse yai, na kinyesi chake kinakuwa bonge kubwa lenye harufu kali kwa sababu anatoka mara moja tu kwa siku.

Kuondoa mayai peke yake hakusaidii. Kinachomshikilia pale ni giza la kiota na joto lililo chini ya tumbo lake, na hilo ndilo la kumnyima. Tengeneza kizimba kidogo chenye sakafu ya wavu au fito zilizoachana kama sentimita 2.5, ukiinue nusu mita kutoka chini, mahali penye kivuli lakini pana mwanga, hewa ipite kwa chini. Usiweke majani wala gunia ndani. Chakula na maji visikose: wapo wanaomshindisha njaa wakidhani ndiyo adhabu, kumbe ameshakonda kiotani na njaa inamchelewesha tu kurudi kutaga.

Mfungie siku 3 hadi 4, kisha mfungulie jioni. Akipanda kwenye kichanja na wenzake, ameacha. Akikimbilia kiotani, mrudishe siku 2 nyingine. Aliyeatamia siku mbili huacha haraka. Aliyefikisha wiki mbili atakusumbua. Baada ya hapo tegemea yai ndani ya wiki 1 hadi 3.

Maji baridi humtetemesha kwa saa moja, akikauka anarudi palepale. Unyoya puani ni mateso na ni kidonda. Na kama una mayai yenye mbegu, kwa nini umkatize? Machotara wa mayai mengi na Kuroiler (kuku chotara wa nyama na mayai) mara nyingi hawaatamii, kwa hiyo mtetea wa kienyeji ndiye anayeweza kukuangulia hata mayai yao.

SWALI: Kuku wetu wanatagia vichakani na nguchiro wanatuwahi. Bibi anasema wamehama kwa sababu tunaokota mayai kwa mkono badala ya kijiko. (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Mkono hauna kosa. Kosa ni kukomba mayai yote: kuku akikuta kiota kitupu kila siku hukiona si salama. Acha moja au mawili yaliyochorwa alama ya penseli, uokote mapya tu. Huenda wanaotumia kijiko huacha yai moja pia, na sifa ikaenda kwa kijiko.

Lakini kabla ya hapo kagua utitiri. Usiku pitisha kitambaa cheupe kwenye nyufa za kiota. Ukiona vidoa vyekundu vya damu, mmemjua mhamishaji. Choma majani yote, mwagia nyufa maji yanayochemka, acha pakauke, tandika majivu kabla ya majani mapya.

Kisha wafungie bandani hadi saa 5 asubuhi kwa siku 7 mfululizo, kwani wengi hutaga asubuhi. Kiota kiwe na upana na kina cha sentimita 30, kimo 35, ukingo wa mbele sentimita 10 ili mayai yasibiringike nje, na mlango uelekee ukutani maana kuku anataka giza. Kimoja kinatosha kuku 4 au 5. Kiwe chini kuliko kichanja cha kulalia, la sivyo watalala humo na kukichafua.

SWALI: Nilimwekea kuku mayai 18, ameangua 6 tu. Mengine viza. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Umemzidishia. Kuku wa kienyeji wa wastani hufunika mayai 10 hadi 13. Yakizidi, ya pembeni yanapoa. Naye kwa kuwa huyageuza kila mara, yaliyopoa huingia katikati na yaliyokuwa na joto husukumwa pembeni. Hivyo hasara haiishii kwa yale matano ya ziada.

Angalia pia umri wa mayai. Yasizidi siku 7 tangu kutagwa; baada ya siku 10 uwezo wa kuanguliwa hushuka haraka. Yahifadhi mahali penye ubaridi lakini si kwenye friji, ncha iliyochongoka ikiwa chini, bila kuyaosha. Yawekee alama yote siku moja, maana kuku wengine humwingilia na kuongeza mayai mabichi ambayo yatakuwa nusu njia vifaranga wakishatoka. Kila anapotoka kula, ondoa yasiyo na alama.

Siku ya 7, usiku, yapime kwa tochi kupitia tundu la boksi. Lenye mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui liko hai. Jeupe lote halina mbegu. Lenye pete ya damu limekufa. Yatoe hayo. Kama mengi ni meupe, mchunguze jogoo: mmoja atosheke na matetea 8 hadi 10, asiwe mzee. Kama vifaranga walikufa wakiwa wameshaumbika, huenda kuku alikuwa akikaa nje muda mrefu. Anatakiwa kutoka dakika 15 hadi 30 tu, kwa hiyo weka maji na chakula karibu naye. Kuanzia siku ya 18 hadi ya 21 usimguse.

SWALI: Naweza kumpa kuku mayai ya kanga au ya bata? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Kanga, ndiyo: siku 26 hadi 28, kuku wengi huvumilia. Bata mwenye vinundu vyekundu usoni anahitaji siku 35, na baadhi ya kuku huondoka kiotani kabla hazijatimia.