Hiyo thina irudishe dukani: stika ya gari hutolewa kwa joto

Mkuu wa Tabora, lita ya thina ya kuchanganyia rangi uliyosema umekwisha kuinunua mrudishie mwenye duka leo hii. Umeuliza jinsi ya kuondoa stika na mapambo ya mmiliki wa zamani ubavuni mwa Hiace yako, ukaongeza kuwa fundi amekuhakikishia kwamba thina na wembe vitamaliza kazi kwa nusu saa. Kuhusu muda hajakudanganya, kwani Noah yangu iliharibika hata nusu saa haijatimia.

Ilikuwa ya kijani, na mlango wake wa kuteleza ulikuwa na maandishi mekundu. Fundi mmoja wa hapa Kigoma, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana, alilowesha kitambaa cheupe kwa thina akaanza kusugua. Kitambaa kilitoka na wekundu, tukafurahi. Kisha kikaanza kutoka na ukijani, nami nikamwuliza ukijani huo unatoka wapi ilhali stika ni nyekundu, akanijibu bila hata kugeuka kwamba hilo ni vumbi la njiani. Vumbi la Kigoma ni jekundu, Mkuu, na mtoto yeyote wa Ujiji anayefuliwa sare za shule analijua hilo, lakini mimi mtu mzima niliitikia kwa kichwa nikaendelea kumshikia ndoo.

Sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. Rangi ya kiwandani hupikwa kwenye tanuri, kwa kawaida katika joto la nyuzi 140 hivi, hadi ikashikana na kuwa ngumu, na juu yake huwekwa klia, yaani tabaka angavu la kuikinga, kwa hiyo huweza kustahimili kidogo. Magari yetu mengi yaliyotumika yamekwisha kupakwa upya gereji, mara nyingi kwa rangi ambayo hukauka kwa sababu tu thina iliyochanganywa nayo imeruka hewani, na ukiirudishia thina rangi hiyo hulainika tena kana kwamba imepakwa asubuhi. Ndiyo maana hasira zangu hazijaisha hadi leo: mtu anayekoroga rangi kwa thina kila siku ya Mungu hawezi kuniambia kuwa hakujua thina huyeyusha rangi. Alipoona sehemu iliyolainika inavutika, badala ya kuacha alichukua wembe akakwangua mpaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikaonekana, akasema nisijali kwa sababu puti ya kuzibia mikwaruzo ipo. Puti ilikuwepo kweli, na msasa ulikuwepo, na bili ilikuwepo, kwa kuwa rangi ya mlango mmoja ilikataa kufanana na ubavu uliochakaa kwa jua na ikabidi ubavu wote upakwe. Kabla sijapata fedha hizo, abiria wa Mwanga, hapa hapa mjini, walikuwa wakiniuliza kama nimechora Ziwa Tanganyika mlangoni, nami nikawajibu kuwa ndiyo, na bandari itafuata.

Kwa hiyo shika moja: stika hutolewa kwa joto. Azima drayaa ya saluni, pasha sehemu ndogo mpaka iwe na joto ambalo kiganja chako bado kinalivumilia, kisha inua pembe kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki. Usiivute stika kuelekea kifuani kwako. Ikunje irudi nyuma juu ya yenyewe na uivute polepole, karibu sambamba na bodi, huku ukiendelea kupasha mbele yake. Ikikatika, ongeza joto, usiongeze nguvu. Stika iliyozeeka kwa jua itatoka vipande vidogo vidogo na itakuudhi, lakini kuudhika hakuhitaji puti. Gundi itakayobaki ipake mafuta ya kula, iache ilainike, ifute kwa kitambaa laini, kisha uoshe kwa sabuni ya maji. Kivuli cha maandishi huenda kikabaki kwa sababu rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa jua, na polishi hukipunguza.

Pambo la zamani lililobandikwa kwa tepu nene nalo lipashwe moto vivyo hivyo, kisha upitishe mshipi wa nailoni wa kuvulia nyuma yake na uuvute huku na huku mpaka ukate ile tepu. Bisibisi usiiguse.

Kabla ya yote, funua ukingo wa mpira wa kioo cha mlangoni uchungulie chini yake. Ukiona ukungu wa rangi umerukia kwenye mpira, au mstari wa rangi ulioishia pale tepu ya karatasi ya kuzuia rangi ilipokuwa, gari lako limepita gereji, vyovyote alivyokuambia aliyekuuzia. Piga picha ya ukingo huo uiweke hapa tuitazame, na huyo fundi mwenye wembe mwambie umesafiri.