Unaogopa hatimkato ya Kiingereza? Soma hapa kwanza

Matangazo ya kazi za ukatibu mahsusi serikalini bado yanataka mtu aliyefaulu hatimkato, yaani kuandika haraka kwa alama fupi badala ya herufi, ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika, na vijana wengi wanaona wanaonewa tu, si simu ipo inarekodi? Jamani, mi nimeandika mihtasari ya vikao miaka mingi na nawaambia msiidharau. Kikao cha masaa matatu ukikirekodi itabidi ukisikilize chote upya, tena zaidi ya hayo matatu manake unarudisha nyuma kila mara, na pale wajumbe walipoongea kwa pamoja huambulii kitu. Kwenye daftari nafungua ukurasa azimio nalikuta palepale. Halafu kuna watu wakiona kinasa sauti wanafunga mdomo kabisa, penseli hawaiogopi.

Kinachowashinda wengi ni kutaka kuandika spelingi. Isaac Pitman alipotoa mfumo wake Uingereza mwaka 1837 alitaka uandike unachosikia basi, kwa hiyo neno kama though lenye herufi sita linabaki sauti mbili. P na B ni mstari uleule, ila P mwembamba na B unaukoleza, T na D hivyohivyo, irabu ni nukta na vistari pembeni ambavyo ukishazoea vingi unaviacha. Ndo maana nasema tumia penseli, peni ya kawaida haikolezi vizuri. Mfumo mwingine, Gregg wa mwaka 1888, uliotamba sana Marekani, haukolezi kabisa, wenyewe unatofautisha kwa urefu wa mstari. Chagua mmoja ukae nao, usichanganye! Zoezi zuri ni taarifa ya habari ya Kiingereza redioni, kila siku kidogo, usisubiri wikiendi.

Na ukishatoka kikaoni chapa siku hiyohiyo, isije baadaye ikashindikana kusomeka. Samuel Pepys wa London aliandika shajara yake kwa hatimkato toka 1660 hadi 1669, hadi ule moto mkubwa wa 1666 umo, lakini kijana aliyepewa kazi ya kuisoma, John Smith, alihangaika nayo toka 1819 mpaka 1822, na kumbe kitabu cha kufundishia mfumo ule kilikuwemo kwenye maktaba hiyohiyo ya Pepys. Majina ya watu na tarakimu za pesa we ziandike kwa herufi za kawaida tu, hata kama zinakuchelewesha kidogo.