Nimemsamehe shemeji, je kesi niifute?

SWALI: Shikamoo mama, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane nina watoto watatu. Mume wangu alipofariki mdogo wake aliuza kiwanja chetu, alighushi saini ya marehemu akaweka na tarehe ya nyuma ionekane marehemu mwenyewe ndiye aliyeuza, mimi nimekuja kujua siku mnunuzi anashusha matofali. Kesi iko mahakamani. Sasa mchungaji ananiambia Mkristo anatakiwa kumpenda adui yake, kwa hiyo kama kweli nimesamehe nifute kesi, na mama mkwe kila akipiga simu ni kulia. Naomba, nasamehe, halafu nikimwona tu yule shemeji moyo unachemka upya. Je ina maana sijasamehe? Na watoto wanauliza mbona hatuendi tena kwa baba mdogo, niwajibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, Amina. Pole sana kwa msiba, na pole kwa hili lililokuja juu ya msiba.

Nianze na kesi maana naona hiyo ndiyo inakunyima usingizi. Usiifute kwa kuogopa kuambiwa hujasamehe. Fungua Luka 18, kuna mjane pale anamwendea kadhi asiyemcha Mungu, anaenda anarudi, anaenda anarudi, anachodai ni kimoja tu, apatiwe haki yake na adui yake. Najua mfano ule ni wa habari za kuomba bila kukata tamaa, lakini angalia Yesu alimchagua nani awe mfano wetu, mama mjane mwenye kesi! Wala hakumwambia akasamehe kwanza ndiyo arudi. Na ni Yesu huyohuyo aliyesema wapendeni adui zenu, hajipingi.

Watakuletea 1 Wakorintho 6, pale Paulo anawakemea ndugu kwa kushtakiana mbele ya wasioamini na kuwauliza si afadhali kudhulumiwa. Ni neno zito na mimi silipunguzi. Ila Paulo hakusema shauri lifukiwe, aliuliza hivi kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuwaamua? Kwa hiyo mchungaji kama anataka utoke mahakamani basi awaite wote wawili, zile karatasi ziwekwe mezani, shemeji aseme kiwanja au thamani yake inarudi lini, na iandikwe. Likifanyika hilo mimi mwenyewe nitakwambia kafute. Lakini kumwambia mjane afute halafu aliyeghushi haulizwi kitu, hapana, hiyo ni kumwongezea mzigo aliyeumizwa, na inaniuma kwamba inafanyika kwa jina la Yesu.

Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, alimsamehe Mehmet Ali Ağca aliyempiga siku chache tu baadaye akiwa bado hospitali, na Desemba 1983 akamfuata gerezani wakakaa wawili wakaongea. Akatoka, Ağca akabaki anatumikia kifungo, Italia ilikuja kumpa msamaha wa serikali mwaka 2000. Hakuna aliyesema ule msamaha wa 1981 ulikuwa feki eti kwa sababu mtu alikuwa bado jela.

Sasa kuhusu moyo kuchemka. Petro aliuliza asamehe mara ngapi akajibiwa saba mara sabini, na mimi naona inahusu pia kosa hilohilo moja linalokurudia kichwani, leo umesamehe, kesho unakutana naye njiani linaanza upya, unasamehe tena. Hiyo siyo unafiki, ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Na ule mfano wa mtumwa unaofuata, aliyesamehewa deni la talanta 10,000, fedha nyingi mno, akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100, dinari moja ilikuwa ujira wa siku nzima wa kibarua, kwa hiyo mia ni kama miezi mitatu ya jasho la mtu. Yesu hakusema unachodai ni kidogo. Ulichoibiwa ni kikubwa na Mungu anajua, ila sisi tumesamehewa kikubwa zaidi ya hapo na ndiyo maana hatuna ruhusa ya kukaba koo.

Kwa hiyo hapa sikuachii mwanangu. Mwombee shemeji kwa jina lake, na usiombe aumbuke. Mahakamani sema alichofanya na usiongeze chumvi hata kidogo. Akipata shida usishangilie, na siku mtoto wake akiugua usiku na wewe ndiye uliye karibu, nenda. Kutoka 23 inasema ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea umrudishie, haisubiri uwe na hisia nzuri naye kwanza. Upendo wa adui mara nyingi unaanzia mikononi, moyo unafuata baadaye na wakati mwingine unachelewa sana.

Ila kumpenda siyo kumkabidhi tena karatasi zako. Daudi alimwacha hai mara mbili mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda amuue, mara ya pili alichukua mkuki wake pale kichwani akiwa amelala, na Sauli alipomlilia arudi nyumbani, Daudi alisema aje kijana mmoja auchukue huo mkuki, yeye akashika njia yake. Kwa hiyo hati weka kwa mtu unayemwamini.

Mama mkwe usimkatie simu, ni mama aliyezika mtoto mmoja na anaogopa kumpoteza wa pili, mwambie unampenda na kesi ni ya kiwanja tu. Na watoto waambie ukweli kwa kadiri ya umri wao, kwamba kuna jambo la wakubwa linaamuliwa, na wakitaka kwenda kumsalimia baba yao mdogo mtafute mtu mzima mmoja wa ukoo awapeleke na kuwarudisha, wao hawana kesi naye.